Tunapomlisha Mtoto, Tunamlisha Nani Mwingine?

Tarehe 19 Agosti 2003, sehemu kubwa ya utafiti uliokuwa ukiendelea kisiwani Pemba ilikatishwa kabla ya wakati wake. Watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 walikuwa wamegawanywa katika makundi. Wengine walipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki, wengine wakaongezewa zinki juu yake, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa ili kupata cha kulinganisha. Nia ilikuwa safi kabisa. Upungufu wa damu ulikuwa umewaenea watoto wa kisiwa, na damu haitengenezwi bila chuma. Lakini kamati ya usalama ilipofungua hesabu, ilikuta kwamba watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kutibiwa hospitalini kuliko wenzao. Chuma kikasimamishwa.

Matokeo hayo yalipochapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet, mjadala wote ulielekea kwenye malaria, na kwa haki. Vimelea vya malaria huishi ndani ya chembe nyekundu za damu, na Pemba ya miaka ile ilikuwa na malaria nyingi. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake: penye malaria, chuma kitolewe sambamba na kinga, vipimo na matibabu ya ugonjwa huo. Jambo moja halikutiliwa maanani na wengi: watoto wa Pemba waliochunguzwa kwa karibu, wakapimwa damu na kutibiwa mapema walipougua, walionekana kufaidika na chuma walipokuwa na upungufu wa kweli. Kumbe dawa ile ile iliwafaa baadhi ya watoto na kuwadhuru wengine.

Lilibaki swali la pili, na hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Chuma ambacho mwili wa mtoto haukukifyonza kiliishia wapi?

Sehemu kubwa ya chuma tunachomeza haiingii kwenye damu. Huteremka na mabaki ya chakula mpaka utumbo mpana, na huko hakuna uwanja mtupu. Kuna bakteria wa mamia ya aina, kwa matrilioni, wanaosubiri chochote kitakachoshuka. Hoja yangu ni kwamba mtoto hali peke yake. Kila kinachopita kooni kwake, kiwe uji, kidonge au maziwa, kinafika kwa wakazi hao na kuwashibisha baadhi yao, kuwanyima wengine, au kuwaua. Tumezoea kupima upande mmoja tu: damu imeongezeka kiasi gani, uzito umepanda kilo ngapi. Upande wa pili hatuupimi, na huo ndio unaoamua mara nyingi kama mtoto ataharisha wiki ijayo.

Ushahidi wa wazi kabisa wa jambo hili umetoka kwetu. Kikundi cha watafiti wa chuo cha ETH Zurich, wakiongozwa na Michael Zimmermann na wakishirikiana na wenzao wa Kenya, kilichapisha mwaka 2015 kazi iliyofanywa kwa watoto 115 wa Kenya waliokuwa na miezi sita. Kwa miezi minne watoto walikula uji wa mahindi uliochanganywa na unga wa virutubisho, ule wa vipakiti vidogo ambao mama huunyunyizia kwenye bakuli. Baadhi ya vipakiti vilikuwa na chuma, miligramu 2.5 au 12.5, vingine vilikuwa na kila kitu isipokuwa chuma. Choo cha watoto kilichunguzwa kabla, katikati na mwisho.

Mwanzoni, asilimia 63 ya bakteria walioonekana walikuwa wa ukoo wa bifidobakteria, wale ambao utumbo wa mtoto anayenyonya unapaswa kujaa. Hiyo ni hali nzuri. Lakini katika choo hicho hicho walikuwemo pia salmonela, Clostridium difficile na aina za E. coli zinazoleta maradhi, kwa watoto wengi, hata wasioonekana kuumwa. Maadui walikwisha ingia ndani, ila walikuwa wamebanwa. Baada ya miezi minne ya chuma mizani ikageuka: ukoo wa E. coli na shigela ulipanda, na sehemu ya bifidobakteria ikapungua. Kwa waliopata kiasi kikubwa, kiwango cha kalprotektini kilipanda pia. Hii ni protini inayotolewa na chembe nyeupe za damu pale utumbo unapowaka. Katika kundi la miligramu 12.5, watoto asilimia 27.3 walihitaji kutibiwa kuharisha, dhidi ya asilimia 8.3 kwa wenzao wasiopata chuma. Watoto walikuwa wachache, kwa hiyo tofauti hiyo ya kuharisha haikutosha kuitwa hakika kwa vigezo vya takwimu, na sitaki kuitia chumvi. Lakini mabadiliko ya bakteria na dalili za utumbo kuwaka yalikuwa dhahiri.

Sababu yake inaeleweka. Salmonela, shigela na E. coli wana njaa kubwa ya chuma, na wana molekuli maalumu wanazozitoa nje ya miili yao kwenda kukikamata. Bifidobakteria hawakihitaji kwa kiasi hicho. Ukishusha chuma kingi kwenye utumbo mpana, umewapa hao wa kwanza kile kitu kilichokuwa kikiwazuia kuzaana.

Sasa tazama maziwa ya mama yanavyofanya kazi. Yana chuma kidogo mno, na hata hicho kidogo sehemu yake hushikwa na protini iitwayo laktoferini ili bakteria wasikifikie. Papo hapo yana sukari za aina nyingi sana, za minyororo mirefu, ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya hata moja. Kwa muda mrefu wanasayansi walijiuliza mwili wa mama unajichosha kwa nini kutengeneza chakula kisicholiwa. Kinaliwa, ila anayekila ni bifidobakteria. Naye akishakula hutoa asidi, hasa ya asetiki na ya laktiki, zinazoufanya utumbo uwe mahali pagumu kwa wabaya kuishi. Katika titi moja mna chakula cha mtoto, chakula cha walinzi wake, na njaa ya adui. Kila mkunga anayesisitiza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo anafanya kazi ya kuzuia maradhi ya tumbo, hata asipotamka jina la bakteria hata mmoja.

Tatizo huanza baada ya miezi hiyo sita. Akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakwisha, uji wa mahindi mtupu haumpi cha kutosha, na ubongo unaokua unakidai. Mtu asisome makala haya akaenda kumnyang'anya mtoto mwenye upungufu wa damu dawa aliyoandikiwa kliniki. Upungufu wa damu unaharibu maisha, na madhara yake kwenye akili ya mtoto huweza kubaki hata damu ikirudi. Nisemacho ni kwamba kwa miaka mingi tulidhani tuna mambo mawili tu ya kuchagua, kumpa chuma au kutompa. Kisha wakatokea watoto wa Kwale wakaonyesha njia ya tatu.

Mwaka 2017 kikundi hicho cha Zurich kilitoa matokeo ya utafiti mwingine, uliofanywa pwani ya kusini ya Kenya, wenye kituo chake Msambweni, Kwale. Watoto 155 wa miezi sita na nusu hadi tisa na nusu waligawanywa mafungu matatu kwa miezi minne. Fungu moja lilipata unga wa virutubisho bila chuma. La pili lilipata unga wenye miligramu 5 za chuma. La tatu lilipata chuma hicho hicho pamoja na gramu 7.5 za galakto-oligosakaridi, sukari ya mnyororo inayotengenezwa kutokana na laktosi ya maziwa na ambayo, kama zile za maziwa ya mama, mtoto haimeng'enyi ila bifidobakteria wanaila. Fungu la pili lilipatwa na yale yale ya mwanzo: walinzi wakapungua, na jeni za sumu na za ukali wa bakteria zikaongezeka kwenye choo. Fungu la tatu lilipata chuma, damu ikapanda, na madhara mengi ya utumboni hayakuonekana. Utafiti uliofuata kwa watoto wachanga wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2024, umetia nguvu jambo hilo na kuonyesha pia kwamba sukari hizo humsaidia mtoto kufyonza chuma zaidi.

Fikiria maana yake. Hakuna aliyeuawa utumboni. Hakuna dawa kali iliyotumika. Walinzi walipewa chakula chao, wakaifanya wenyewe kazi ya kuwabana wengine. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa matokeo mazuri zaidi ya utafiti wa lishe yaliyowahi kutoka pwani yetu, na linasikitisha kwamba watu wa Mombasa, Tanga na Unguja wanaolijua ni wachache kuliko wanaolijua Uswisi.

Kwa nini wingi wa walinzi uzuie ugonjwa? Kazi iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2023 na kikundi cha Kevin Foster katika Chuo Kikuu cha Oxford inatoa jibu ambalo nimelipenda kwa uwazi wake. Walichukua aina 100 za bakteria wa utumbo wa binadamu, wakazipambanisha moja moja na bakteria wawili wa maradhi, klebsiela na salmonela. Moja moja hazikufua dafu. Walipozichanganya kwa makundi, mpaka aina 50 kwa pamoja, ukuaji wa adui ulishuka, na katika baadhi ya majaribio ulikuwa chini mara elfu moja. Hapakuwa na silaha ya ajabu. Kundi lenye aina nyingi lilikuwa linakula kila kitu ambacho adui angekula, hasa likiwa na ndugu wa karibu wa adui mwenye ladha kama zake. Salmonela huingia kama mgeni aliyechelewa karamuni akakuta sinia imekwisha kombwa, na kwa kuwa hana cha kula, hana pa kukaa.

Ukishaielewa hesabu hii ya chakula, mambo mengi ya zamani yanapata maelezo. Chuo Kikuu cha Chicago, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960, Marjorie Bohnhoff na Phillip Miller walionyesha kwamba ili kuwaambukiza nusu ya panya wao walihitaji kuwapa salmonela wapatao 100,000 kila mmoja. Baada ya kuwanywesha panya dozi ya antibayotiki ya streptomaisini, salmonela wasiofika kumi walitosha. Panya walikuwa wale wale na salmonela yule yule. Kilichobadilika ni kwamba wenyeji wa utumbo walikuwa wamefagiliwa.

Hapo ndipo ninapotaka tutazame maduka yetu ya dawa.

Mtoto anaharisha toka usiku. Asubuhi mama au bibi anakwenda dukani, anaeleza kwa sentensi mbili, anarudi na chupa ya Flagyl, na mara nyingine na ya antibayotiki nyingine juu yake. Sehemu nyingi ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ipo kabatini pale pale, kwa bei ya chini, lakini anayeuza haisukumi na anayenunua haioni kuwa ni dawa, kwa sababu haizuii choo. Hili ni jambo la kila siku Dar es Salaam, Mwanza, Kisumu na Bujumbura. Mama huyo simlaumu hata kidogo. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Utafiti mkubwa wa GEMS, uliofanywa katika nchi saba ikiwemo Kenya, magharibi ya nchi, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba watoto waliougua kuharisha kwa kiwango cha wastani hadi kikali walikuwa na hatari ya kufa mara 8.5 kuliko wenzao katika miezi miwili iliyofuata.

Lakini utafiti huo huo ulitaja waletaji wakuu wa ugonjwa: virusi vya rota, kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, aina moja ya E. coli yenye sumu, na shigela. Metronidazoli, yaani Flagyl, haimgusi hata mmoja kati ya hao wanne. Inafaa kwa ameba na jiadia, na kwa bakteria wasiotumia oksijeni. Na wengi mno wa wenyeji wa utumbo mpana ni bakteria wasiotumia oksijeni. Kwa hiyo mtoto mwenye virusi vya rota anayenyweshwa Flagyl anabaki na virusi vyake vyote, na anapoteza sehemu ya wale ambao wangemsaidia asipate maambukizi mengine juu ya hayo. Shirika la Afya Duniani limekwisha sema mara nyingi: kuharisha kwa kawaida kunatibiwa kwa ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14, huku mtoto akiendelea kunyonya na kula. Antibayotiki ni ya choo chenye damu, ya kipindupindu kikali, na ya hali nyingine ambazo mganga ameziona na kuzipima. Choo chenye damu ni cha kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo, na huko antibayotiki inaokoa maisha.

Mtu anaweza kudai kwamba kwa mtoto dhaifu ni bora kujihami. Dai hilo limepimwa, na limepimwa hapa. Jaribio lililoitwa ABCD lilifanywa katika nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwemo, kwa watoto 8,266 walioharisha wakiwa wamepungukiwa maji au wana utapiamlo. Nusu walipewa antibayotiki ya azithromaisini kwa siku tatu juu ya ORS na zinki, nusu wakapewa dawa tupu, yaani isiyo na dawa ndani yake. Katika siku 180 walikufa asilimia 0.5 ya kundi la kwanza na 0.7 ya la pili, tofauti ndogo isiyotosha kuonyesha kwamba dawa iliokoa. Katika jaribio jingine, la Kisii na Homa Bay nchini Kenya, watoto 1,400 waliokuwa wakiruhusiwa kutoka hospitalini walipewa azithromaisini au dawa tupu ili kuona kama itapunguza vifo na kulazwa tena ndani ya miezi sita. Haikupunguza.

Uaminifu unanidai nitaje pia ushahidi unaokwenda kinyume nami. Jaribio la MORDOR, lililochapishwa mwaka 2018, liligawa dozi moja ya azithromaisini mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa vijiji vya Niger, Malawi na wilaya ya Kilosa nchini Tanzania, wagonjwa na wazima sawasawa. Vifo vilipungua kwa asilimia 13.5 kwa jumla. Ni maisha ya watoto, si takwimu ya kupuuza. Lakini ukiigawa hesabu kwa nchi, Niger, ambako vifo vya watoto vilikuwa vingi zaidi, vilipungua kwa asilimia 18.1, Malawi 5.7, Tanzania 3.4, na kwa nchi hizo mbili za mwisho tofauti haikuwa ya uhakika. Katika choo cha watoto wa Niger walikuta baadhi ya aina za kampilobakta, bakteria wa kuharisha, zimepungua, na miaka ilipopita wakakuta jeni za usugu dhidi ya dawa zimeongezeka. Shirika la Afya Duniani liliona vyote viwili, likasema mwaka 2020 kwamba dawa hiyo isigawiwe kila mahali, ila inaweza kufikiriwa kwa watoto wa mwezi 1 hadi 11 penye vifo vingi kupindukia.

Mimi nalisoma jaribio hilo hivi. Wenyeji wa utumbo si watakatifu. Pale ambapo maadui wamewazidi kiasi kwamba watoto wanakufa kwa wingi, dawa inayopunguza wote inaweza kuwa na faida kuliko hasara. Pale ambapo hali imeboreka, kama Kilosa, faida inayeyuka na hasara inabaki. Na hasara hiyo haimwangukii aliyemeza peke yake, kwa sababu usugu huenea kijiji kizima.

Kuna kazi nyingine ya Kenya, ndogo, ya watoto 28, iliyotolewa na watu wale wale wa Zurich mwaka 2019, na ambayo ningependa kila mratibu wa lishe aisome. Iliunganisha mambo mawili tuliyoyazungumza. Watoto waliotumia antibayotiki huku wakila uji wenye chuma walipata matokeo mabaya zaidi: dawa ilipunguza bifidobakteria kama kawaida, lakini chuma kiliwapa E. coli wa maradhi nguvu ya kuihimili dawa, na kuharisha baada ya dawa kukaongezeka. Ni watoto wachache, na kazi kama hiyo inahitaji kurudiwa kwa wengi. Lakini tazama inachotuonyesha: mama mmoja, katika wiki moja, anaweza kupewa vipakiti vya chuma na kliniki na antibayotiki na duka, na hao wawili hawajawahi kuzungumza.

Sasa niseme neno juu ya chupa na vidonge vya bakteria hai vinavyouzwa maduka ya dawa ya mijini kwa bei kubwa. Biashara hii imekimbia mbele ya ushahidi. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa, moja Marekani na jingine Kanada, yaliwapa watoto walioharisha bakteria hao maarufu, na hawakupona mapema kuliko waliopewa dawa tupu. Mwaka huo huo, watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli walionyesha kwamba watu wazima waliomeza bakteria hao baada ya antibayotiki walichelewa kurudishiwa wenyeji wao wa asili kuliko wale walioachwa bila kupewa kitu. Kwa upande mwingine, jimboni Odisha nchini India, zaidi ya watoto wachanga 4,500 walihusishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, ambamo aina moja mahususi ya Lactobacillus iliyotolewa pamoja na sukari ya kuilisha ilipunguza maambukizi ya damu na vifo kutoka asilimia 9 hadi 5.4. Kwa hiyo anayeuliza kama bakteria wa chupa wanafaa hajauliza swali kamili. Ni aina gani, kwa mtoto wa umri gani, na amewekewa chakula gani cha kuishi nacho? Chupa nyingi za dukani hazijibu lolote kati ya hayo.

Kwa watu wazima, mfano ulio wazi kuliko yote umetoka Uholanzi. Clostridium difficile ni bakteria anayeleta kuharisha kukali hasa kwa watu waliokwisha tumia antibayotiki nyingi, na kwa wengine hurudi kila akitibiwa. Mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam waliwapa wagonjwa 16 wa namna hiyo kinyesi kilichosafishwa cha watu wenye afya, kupitia mpira wa puani. Kumi na watatu walipona kwa dozi ya kwanza. Kati ya 13 waliopewa antibayotiki ya vankomaisini peke yake, walipona wanne. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu ilionekana si haki kuwanyima wengine. Ugonjwa ulikuwa umeletwa na kufukuzwa kwa wenyeji, na wenyeji waliporudi ukaondoka.

Mtu mzima asiye mgonjwa huwalisha wenyeji wake kwa makapi ya nafaka, kunde na mboga. Januari 2025 kikundi cha Alexandre Almeida wa Cambridge kilitoa uchambuzi wa sampuli za choo zaidi ya 12,000 kutoka nchi 45. Walipokosekana klebsiela na E. coli kwa wingi, mara nyingi walikuwepo bakteria wa jenasi ya Faecalibacterium, wanaovunja nyuzinyuzi za chakula na kutoa asidi fupi za mafuta. Uhusiano kama huo haujathibitisha nani kamfukuza nani, lakini unakubaliana na majaribio ya panya: walionyimwa nyuzinyuzi, bakteria wao waligeukia kula ute unaofunika ukuta wa utumbo, na maambukizi yalipokuja yakawaua wengi zaidi.

Tena mkoani Kilimanjaro, utafiti wa Hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Radboud, uliochapishwa Aprili 2025, uliwahusisha vijana 77 wa kiume. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini wakabadilishiwa kwa wiki mbili tu chakula cha kimagharibi, dalili za mwili kuwaka zilipanda na chembe zao za damu zikawa zinajibu hafifu zilipokutanishwa na vijidudu. Waliobadilishiwa kwenda chakula cha asili, na waliokunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, walionyesha kupungua kwa dalili hizo. Ni wiki mbili. Familia zinazotoka kwenye dona, kunde, mbaazi na matembele kwenda sembe nyeupe, chipsi na soda zinabadilisha mengi zaidi ya kiuno, na zinafanya hivyo kwa miaka.

Niirudie sera, kwa sababu huko ndiko kuna pa kushika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza vipakiti vya virutubisho vyenye miligramu 10 hadi 12.5 za chuma kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, mahali ambapo upungufu wa damu umefika asilimia 20 au zaidi. Maana yake ni karibu kila wilaya na kila kaunti yetu. Kiasi hicho cha juu ndicho kilichowasha matumbo ya watoto wa Kenya. Wizara za afya za Dodoma, Unguja na Nairobi hazihitaji kusubiri mwongozo mpya kutoka Geneva ili kudai kwamba vipakiti vinavyonunuliwa kwa fedha za umma au za wafadhili viwe na chuma cha kiasi cha chini kinachofyonzwa vizuri, pamoja na sukari ya kuwalisha bifidobakteria. Ushahidi wa kwamba inawezekana ulikusanywa Msambweni, kutoka kwa watoto ambao mama zao walikubali kubeba choo chao kwenye vikopo kwa miezi. Gharama itaongezeka, na ni halali kuijadili kwa uwazi. Inayopaswa kuwekwa upande wa pili wa mizani ni gharama ya kulaza mtoto aliyeishiwa maji.

Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Pemba, na vituo vya Kenya vyenye uzoefu wa miaka mingi, vinaweza kuchukua sampuli za choo katika wilaya chache kila mpango wa lishe unapoanzishwa, na kutoa taarifa ya hali ya utumbo sambamba na taarifa ya damu. Kwa sasa taarifa za mipango huhesabu vipakiti vilivyogawiwa. Na wenye maduka ya dawa muhimu, ambao ndio madaktari wa kwanza wa watoto wengi nchini, wapewe faida nzuri kwenye ORS na zinki zilizofungwa pamoja kuliko wanayoipata kwenye chupa ya antibayotiki. Muuzaji anapendekeza kinachomlipa. Hilo linaweza kurekebishwa kwa kanuni ya bei, na kanuni hiyo inaweza kuandikwa katika bajeti ijayo.